Chama kikubwa, chama kidogo au mgombea huru: njia tatu kwa anayewania wadi ya Nairobi mara ya kwanza

Nairobi ina wadi 85, na katika nyingi kati ya hizo kuna mtu ambaye majirani wameshaanza kumwita mheshimiwa kabla hajajaza fomu yoyote. Ndiye aliyewakusanya vijana wakazibua mitaro, anayejua ni nani kwenye ploti amefiwa, anayepigiwa simu askari wa kaunti wanapobeba mkokoteni wa mama mboga. Anaambiwa, "Simama, tuko nyuma yako." Uamuzi wa kusimama akishaufanya, linamkabili swali gumu zaidi: asimame kwa tikiti gani?

Kwenye vibanda vya chai jibu huwa moja tu: tafuta chama chenye wimbi. Ushauri huo umewafikisha wengi City Hall, makao ya kaunti, na umewamaliza wengine pesa na marafiki kabla hata ya kura ya Agosti. Wadi za Nairobi hazifanani. Kileleshwa si Kware, na Karen si Laini Saba. Kwa hiyo nitazilinganisha njia tatu zilizopo, yaani tikiti ya chama kikubwa, tikiti ya chama kidogo, na ugombea huru, kwa vigezo vitano: mlango wa kuingilia na kalenda yake, pesa, watu wa mtaani na vituoni, nafasi ya kupata haki ukidhulumiwa, na uhuru wako ukishaapishwa.

Kwanza tafuta matokeo ya wadi yako ya mwaka 2022. Kiti cha mwakilishi wadi hushindwa kwa kura nyingi kuliko za mwingine yeyote. Si lazima ufikishe nusu. Angalia mshindi alipata ngapi, wa pili ngapi, na wagombea huru waligawana ngapi. Kama tikiti ya chama fulani ilimpitisha mtu ambaye hata mtaani hakujulikana, hapo wimbi lipo kweli. Kama mshindi alipita kwa kura chache huku kumi wakigawana zilizobaki, wadi hiyo haina mwenyewe. Bila karatasi hiyo mkononi, ushauri wote unaofuata utausoma gizani.

Mlango na kalenda

Uchaguzi mkuu ujao, kwa mujibu wa Katiba, ni Jumanne ya pili ya Agosti, yaani tarehe 10 Agosti 2027. Tarehe nyingine zote huhesabiwa kurudi nyuma kutoka hapo, na hapa ndipo wawaniaji wapya wengi hufungiwa nje.

Ukitaka chama kikubwa, lazima uwe mwanachama na jina lako liwe kwenye orodha ambayo chama hupeleka kwa IEBC, tume ya uchaguzi, angalau siku 120 kabla ya uchaguzi. Kwa mwaka 2027 hiyo ni karibu tarehe 12 Aprili. Kisha kuna mchujo. Tangu sheria ya vyama ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2022, chama kinaweza kuteua kwa kura za wanachama wote au kupitia wajumbe. Uliza mapema chama chako kitatumia ipi katika wadi yako, kwa sababu ni kampeni mbili tofauti kabisa. Kura ya wanachama wote inakutaka uzunguke mlango kwa mlango. Kura ya wajumbe inakutaka ujue wajumbe ni akina nani, waliteuliwa na nani, na wanakula sahani moja na nani. Kuna pia makubaliano ya wazee wa chama, ambayo kwa mgeni mara nyingi maana yake ni kuombwa umwachie mwingine. Katika ngome za chama, mchujo ndio uchaguzi wenyewe. Agosti ni kuthibitisha tu.

Chama kidogo kinafuata sheria ileile, lakini foleni ni fupi. Mara nyingi utakuwa peke yako unayetaka cheti cha wadi hiyo, na utakipata mapema ukabaki na miezi ya kufanya kazi. Hatari yake iko kwenye makaratasi. Hakikisha chama kimesajiliwa kikamilifu kwa Msajili wa Vyama vya Kisiasa, kimewasilisha kanuni zake za uteuzi kwa tume, na hakina makundi mawili yanayogombania uongozi. Viongozi wawili wakitoa vyeti viwili kwa wadi moja, utajikuta mahakamani wakati wenzako wako barabarani.

Mgombea huru hahitaji kumpigia magoti mtu yeyote, ila Katiba imemwekea masharti mawili. Kifungu cha 85 kinataka asiwe mwanachama wa chama kwa angalau miezi mitatu kabla ya uchaguzi, kwa hiyo uwe umeshatoka kabla ya tarehe 10 Mei 2027. Kifungu cha 193 kinataka aungwe mkono na wapigakura wasiopungua 500 waliosajiliwa katika wadi hiyohiyo. Zaidi ya hayo, alama utakayotumia lazima iwasilishwe kwa IEBC angalau siku 21 kabla ya siku ya uteuzi.

Sharti la miezi mitatu linaonekana jepesi mpaka uangalie usajili wako. Mwaka 2021 Wakenya wengi waligundua kwamba majina yao yako kwenye vyama ambavyo hawakuwahi kujiunga navyo. Ingia eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, leo, kwenye huduma za Msajili wa Vyama, uone uko wapi. Ukikuta jina lako kwenye chama, jiuzulu na uhifadhi uthibitisho.

Kuhusu wale 500, tazama jinsi sahihi zinavyokusanywa. Meza imewekwa karibu na steji Mihang'o jioni, watu wanashuka kwenye matatu, kijana wako ana kalamu na fomu. Kila mtu anakupenda, kila mtu anatia sahihi. Lakini huyu anapigia kura Kakamega, yule alijiandikisha Pipeline alipokuwa akiishi huko, na wa tatu amekosea tarakimu moja ya kitambulisho. Nairobi ni mji wa wapangaji: mtu huhama nyumba, usajili wake wa kura ukabaki alikotoka. Fomu yenye majina 500 kamili ni fomu iliyopungua tayari. Kusanya ya ziada nyingi, na ulinganishe kila jina na daftari la wapigakura kabla ya kuondoka mezani.

Jambo moja kwa wote watatu: kama unalipwa mshahara wa serikali, iwe ni mwalimu wa shule ya umma au karani wa kaunti, Sheria ya Uchaguzi inakutaka ujiuzulu miezi sita kabla ya siku ya kura. Hiyo ni Februari 2027. Zungumza na familia kabla ya kuandika barua hiyo.

Pesa

Ada ya IEBC kwa kiti cha mwakilishi wadi haijali tikiti. Katika kanuni za uchaguzi ni Sh5,000, na nusu yake, Sh2,500, kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Ada hiyo haijawahi kumzuia mtu makini. Pesa huishia kwingine.

Kwenye chama kikubwa utatumia mara mbili: mchujo, kisha Agosti. Juu yake kuna ada ya chama, ambayo kila chama hujipangia; idai stakabadhi. Faida ni kwamba jina la chama halihitaji kutangazwa upya, na msafara wa mgombea urais au ugavana ukipita mtaani kwako unapata jukwaa bila kulilipia. Lakini msafara huo pia utakutaka ulete watu, na watu huletwa kwa nauli.

Chama kidogo ni rahisi kuingia, na usitarajie kingine. Bango lako utalilipia mwenyewe, tena utalipia na kuwaeleza watu chama chenyewe ni kipi.

Mgombea huru hutumia mara moja tu, lakini hutumia peke yake. Alama yake haijulikani na mtu. Lazima irudiwe kwenye kila kioski, kila kundi la WhatsApp, kila mkutano wa kikundi cha akina mama, hadi bibi wa miaka sabini aitambue kwenye karatasi ya kura. Hiyo ni kazi ya miezi, haifanywi katika wiki tatu za mwisho.

Njia yoyote utakayochukua, utakutana na vijana wanaosema, "Mheshimiwa, tuachie ya chai." Ninaliandika hili kwa uchungu, kwa sababu nimeona watu wema wakiuza shamba la nyumbani ili kuwaridhisha watu ambao jioni hiyohiyo walikuwa kwa mpinzani. Kununua kura ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016. Na hata kabla ya sheria, pesa ya mfukoni haina kikomo: mwenye nyingi zaidi atakuja kesho. Panga kiasi unachoweza kupoteza bila watoto kukosa karo, kiandike, na umpe mtu mwingine ashike daftari.

Watu wa mtaani na vituoni

Hapa ndipo ulinganisho unapokuwa mzito, na ndipo wageni wengi hawaangalii.

Kituo kimoja cha kura hakiruhusiwi kuzidi wapigakura 700. Wadi yenye wapigakura 28,000 basi ina vituo visivyopungua 40, na kila kimoja kinahitaji mtu wako mwaminifu tangu alfajiri hadi matokeo yatiwe sahihi. Wagombea wa vyama hudhani hilo limeshapangwa. Soma sheria: chama huteua wakala mmoja kwa wagombea wake wote katika kila kituo. Wakala huyo mmoja anamtazamia rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa kike na wewe. Ni pale tu chama kisipomteua ambapo mgombea wake anaruhusiwa kuleta wa kwake.

Fikiria darasa la shule ya msingi Kayole usiku wa kura. Kura za rais huhesabiwa kwanza. Wakala wa chama yuko macho, anapiga picha fomu, anaituma makao makuu. Kisha simu inaisha moto, chai imeisha, na zamu za viti vingine zinakuja mtu akiwa amechoka. Fomu ya matokeo ya kiti chako ni 36A. Wakala asiyekufahamu anaweza kuitia sahihi bila kuisoma, au akawa ameshaenda nyumbani. Kwa hiyo ukiwa na tikiti ya chama kikubwa, kazi yako ya mapema ni kuwafanya watu wako ndio wawe mawakala wa chama katika wadi yako. Majina hayo hupelekwa na ofisi za chama, na wabunge wana mikono yao humo. Anza kuulizia mwanzoni mwa mwaka wa uchaguzi.

Chama kidogo mara nyingi hakina mtu wa kuwateua, na hilo huwa jema: wanakuachia ulete wako. Mgombea huru ana haki ya moja kwa moja ya kumteua wakala wake. Wote wawili wanabaki na mzigo wa kutafuta watu 40 wanaoweza kukaa macho usiku kucha bila kununuliwa. Usipoweza kuwahesabu kwa majina leo, hiyo ni dalili ya kusikiliza.

Mtandao wa kampeni yenyewe ni habari nyingine. Chama kikubwa kina matawi, lakini matawi hayo huwa yana mtu wao kabla hujafika. Wazee wa nyumba kumi, viongozi wa boda boda, wachungaji, maimamu na wenyekiti wa vikundi vya akiba hawana chama kimoja. Huko mgombea huru anaweza kuingia milango ambayo mwenye kofia ya chama angetazamwa kwa shaka.

Ukidhulumiwa

Kwenye chama, cheti kikitolewa kwa aliyeshindwa, lazima uanze na kamati ya ndani ya chama, kisha Jopo la Kutatua Mizozo ya Vyama vya Kisiasa, kisha Mahakama Kuu. Muda ni mfupi mno na wakili hafanyi kazi kwa mkopo. Weka kila kitu tangu mwanzo: stakabadhi ya ada, picha za matokeo ya mchujo, jina la msimamizi. Katika chama kidogo migogoro ya mchujo ni michache, ila ugomvi wa uongozi juu unaweza kukufikia chini.

Wapo wanaopanga hivi: nijaribu mchujo, nikianguka niwe huru. Mwaka 2022 wengi walifanya hivyo. Inawezekana tu kama mchujo utafanyika kabla muda wa kujiuzulu haujapita, na mara nyingi siku zinazobaki ni chache sana kutafuta sahihi 500, alama na mabango mapya. Atakayekosa mchujo hawezi pia kuhamia chama kingine, kwa kuwa orodha za wanachama zimeshafungwa. Kama una wazo hilo, lizungumze waziwazi na wafuasi wako mapema, la sivyo watakuona uliyeshindwa ukakataa kukubali.

Mgombea huru hana mchujo wa kuibiwa. Mgogoro wake ni na tume kuhusu fomu, na tume inatakiwa kuamua mizozo ya uteuzi ndani ya siku kumi.

Baada ya Agosti wote wanakuwa sawa. Kesi ya kupinga kiti cha wadi hufunguliwa ndani ya siku 28 katika mahakama ya hakimu, na dhamana ya gharama ni Sh100,000.

Ukishaapishwa

Kazi ya mwakilishi wadi ni kutunga sheria za kaunti, kupitisha bajeti na kuichunguza serikali ya kaunti: zahanati, masoko, takataka, barabara za mitaa, madarasa ya chekechea. Polisi na shule za sekondari si zake, na yeyote anayeahidi hayo anawadanganya wapigakura.

Kwa tikiti ya chama kikubwa utakuwa na kiranja wa chama bungeni, nafasi kwenye kamati na wenzako wa kuunga mkono hoja yako. Gharama yake ni utiifu: chama kinaweza kukuondoa kwenye kamati, na ukijiuzulu kutoka chama kilichokupitisha unapoteza kiti chini ya Kifungu cha 194 cha Katiba. Mgombea huru hawezi kutishwa hivyo, lakini naye akijiunga na chama baada ya kuchaguliwa anapoteza kiti vilevile. Na bila kundi, hoja yake inahitaji marafiki kwanza. Kawira Mwangaza aliupata ugavana wa Meru mwaka 2022 akiwa huru, ushindi mkubwa dhidi ya vyama. Mwaka 2024 bunge la kaunti yake lilipiga kura ya kumwondoa na Seneti ikaidhinisha. Kiti ni kingine na kaunti ni nyingine, lakini anayetaka kuingia bungeni bila chama aitazame kwa makini safari hiyo. Mwanachama wa chama kidogo yuko katikati: ana kiongozi wa chama wa kumheshimu, ila wenzake bungeni huenda ni mmoja au hakuna.

Kwa wanawake kuna jambo la ziada. Viti maalumu hugawanywa kwa vyama kulingana na wadi ambazo vyama hivyo vimeshinda katika kaunti. Chama kisichoshinda wadi hakigawiwi, na mgombea huru hana orodha ya majina ya viti hivyo kabisa.

Inamfaa nani

Mifano ya Nairobi inaonyesha pande zote. Robert Alai, aliyejulikana kwanza kama mwanablogu, aliingia bunge la kaunti mwaka 2022 kuwakilisha Kileleshwa kwa tikiti ya ODM: jina la mtu na jina la chama vilikutana. Boniface Mwangi aliwania ubunge wa Starehe mwaka 2017 kwa Ukweli Party, chama kidogo, akashindwa ingawa alijulikana nchi nzima. Mwaka huohuo Peter Kenneth na Miguna Miguna waliwania ugavana wa Nairobi wakiwa huru, na wote wakaangushwa na Mike Sonko wa Jubilee. Viti vikubwa humezwa na wimbi la urais. Kwenye wadi, ambako mpigakura anaweza kukufahamu kwa sura, wimbi hilo linaweza kupungua, na hapo ndipo njia mbili ndogo hupata nafasi.

Kama matokeo ya 2022 yanaonyesha wadi yako huchagua kwa mtindo wa suti, chama kimoja kuanzia rais hadi chini, na una miezi kumi na pesa ya mchujo, ingia chama kikubwa sasa, ujenge wajumbe na mawakala. Ukiwa kwenye ngome hiyo lakini aliyekalia kiti ana uongozi wa chama mkononi, pima kama mchujo utakuwa wa haki. Jibu likiwa hapana, usitupe pesa huko.

Kama kura za wadi yako zimetawanyika, wapangaji wametoka pande zote za nchi na hakuna chama kilichofika mbali, chama kidogo chenye sera unazoziamini kinakupa cheti mapema na utulivu wa kufanya kampeni. Hakikisha tu kiko salama kwenye sajili.

Kama unajulikana kwa kazi, ukiwa na vikundi vinavyoweza kukuletea majina 500 halali na mawakala wa kutosha, na hutaki kuwa na deni kwa mtu, ugombea huru unakufaa. Toka kwenye chama, chagua alama rahisi kuonekana na uanze kuizoesha mtaa mapema.

Na kama ni Aprili 2027 na bado hujajua jina lako liko chama gani, fungua eCitizen kabla ya kumpigia mtu yeyote simu.